Barua Chini ya Unga

Mkoka, Kongwa
12 Februari 2025

Kwa mume mwenzangu Nathan,

Mbukwa! Najua utanijibu kwa Kiswahili chako cha ofisini, lakini mimi nimeshasalimia kikwetu na mzigo nimeutua.

Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mke wetu Paskazia anakusalimu. Magoti yake yanalia kila akiinuka, namwambia ni mlango wa kanisa unaotaka mafuta, naye ananirushia mwiko. Mvua ilikuja ikatunyunyizia kama padri anavyonyunyizia waumini, ikaenda zake. Uwele umesimama. Mahindi ya wenye kiburi yamelala.

Jicho langu limepona. Nimeanza kuona vitu ambavyo nilikuwa na raha bila kuviona, kwa mfano ukuta wa nyumba yangu. Daktari alisema nisome na kuandika kidogo kila siku, ndiyo maana unapata karatasi badala ya simu. Simu yenyewe mpaka nipande kilima nyuma ya zahanati, na nikifika juu pumzi ya kusema imekwisha. Barua nitakuwa nampa Anthony, kondakta wa basi, atakuachia pale dukani kwenu Chang'ombe.

Asante kwa zile wiki tatu za matibabu. Ulinipa kitanda, wewe ukalala chini na kukoroma kama trekta. Mwambie Habibu chai yake ya tangawizi bado naiota. Yule Mrangi mwenzako wa chumba ana adabu kuliko ninyi mliotoka kwenye mbavu zangu.

Sasa nina swali la mzee asiyejua kitu. Ule mchezo wenu wa Orbita, mnaorushiana risasi huko angani na watu wa dunia nzima: mtu anaanguka, anahesabu kumi, anafufuka. Matanga hakuna? Na katika sayari zote zile, kwa nini hakuna hata ng'ombe mmoja? Na ile bunduki ndefu ya bluu, mbona inavuta kushoto?

Nauliza tu. Sikugusa kitu.

Ni mimi, mume mkubwa,
Sebastiani Ndahani


Chang'ombe, Dodoma
3 Machi 2025

Babu, shikamoo. Na bibi mpe shikamoo yake, mwambie magoti nimeyasikia na dawa ya kuchua nitamtuma Anthony nayo.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kazini ni yale yale, tunapima viwanja huko Nala, mimi ndiye mshika fimbo. Naisimamisha juani tangu asubuhi, mhandisi anachungulia kwenye darubini, ananiambia sogea kushoto, sogea kulia, mpaka naiona dunia nzima imepinda. Nikirudi navua viatu nikiwa nimeshalala.

Babu, umeuliza habari za Orbita kwa wakati mbaya. Akaunti yangu imefungwa. Kampuni imeandika kwamba Jumanne tarehe 28 Januari, saa tano asubuhi, jina langu lilitumika kumtishia mchezaji mwingine kwamba atauawa na kuzikwa. Mashine yao ya kusikiliza ilinasa sauti. Miaka minne, babu. Silaha zangu, vyeo vyangu, na kikosi chetu cha watu sita, vyote viko ndani ya mlango ambao ufunguo wangu hauufungui tena.

Saa tano ile nilikuwa Nala nimeshika fimbo. Wewe ulikuwa umelala na bendeji yako. Aliyebaki ni Habibu, maana Jumanne hafungui kibanda chake cha kutengeneza simu.

Utasema Habibu ana akaunti yake, atake yangu ya nini? Basi nikueleze tulivyogombana. Kila baada ya mwaka na kitu kampuni inatoa nyongeza, yaani sayari mpya, silaha mpya, na hadithi inasogea mbele. Ya kwanza, Mwezi Mwekundu, hakuna aliyeinung'unikia. Fupi, kali, kila kona ina mshangao. Ya pili, Ukoo wa Chuma, ilikuwa ndefu kama hotuba, lakini maadui walikuwa na akili. Ya tatu, Giza la Nje, ndiyo iliyotugawa. Walipoileta walizifuta sayari mbili za mwanzo, hata kwa sisi tuliozilipia. Habibu aliandika kwenye ukurasa wa wachezaji: "Mchezo huu umekufa, tunacheza na maiti yake." Mimi niliandika kwamba maandalizi ya nyongeza ya nne yanaonyesha wamejirekebisha. Wakampenda yeye watu mia tatu, mimi kumi na moja. Tangu hapo kila siku: "Nathan, acha hili jambo, linakula ujana wako."

Nadhani aliamua kuniachisha kwa nguvu. Nyongeza ya nne inatoka Juni, nami nitakuwa nje ya uzio nachungulia.

Mjukuu wako,
Nathan


Mkoka
19 Machi 2025

Mume mwenzangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika, bibi yako amejipaka, sasa nyumba nzima inanuka kama duka la Mhindi. Uwele umeanza kutoa masuke na ndege wameshapata habari. Tunashinda shambani tunapiga madebe, mimi napiga, yeye anapiga kelele, ndege wanamwogopa yeye.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili bila miwani kwa kuringa.

Hizo nyongeza zenu zimenikumbusha karanga. Baba yangu alikuwa kibarua wa ule mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa, baada ya vita. Walileta matrekta kama tembo, reli, hospitali, wazungu wenye kaptula. Kila mwezi kilikuja kipya. Watu wakatoa maoni yao kama ninyi. Wengine walisema, safari hii wamejirekebisha, tazama lile tingatinga jipya! Wengine walisema, kitu hiki kimekufa, tunalipwa kulinda maiti. Baba alikuwa wa wale wa kwanza, kumi na mmoja kama wewe. Hakuna aliyeuuliza mchanga unasemaje, mpaka mradi ukafa.

Na hizo sayari zilizofutwa, mbona sisi tulifutiwa yetu? Mwaka wa sabini na moja, kwenye operesheni ya vijiji, tulihamishwa kijiji kizima. Ukienda leo kwetu kwa zamani utakuta mawe matatu ya jiko na miiba. Nilikuwa kijana, nilikasirika mwaka mzima. Halafu nikachoka. Hasira inataka mtu aliyeshiba.

Habari ya kutishia watu nimeisikia. Mbaya sana. Huyo aliyetishiwa alilalamika mwenyewe, au ni mashine tu?

Na Habibu anasemaje? Usimwonee mtoto wa watu. Tangawizi ile haitoki kwenye mkono mbaya.

Bibi yako ananiita, ndege wamerudi.

Sebastiani


Chang'ombe
14 Aprili 2025

Shikamoo babu. Bibi pia.

Huku salama, homa ilinishika siku nne ikaniachia. Habibu ndiye aliyenipikia uji, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu anakuharibia kitu, halafu anakukorogea uji.

Aliyetishiwa hakulalamika, ni mashine. Nimeandika rufaa, nikajibiwa na mashine nyingine.

Nilimkalisha Habibu chini Jumapili. Nikamwambia, "Ni wewe." Akasema, "Si mimi." Nikamwambia, "Basi taja aliyekuwepo." Babu, alitazama birika lake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Nikasema, "Mtu asiye na hatia hanyamazi." Akasema, "Nathan, mimi sitaji mtu." Hivyo tu.

Nimempa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Sijamtukana. Sina hata nguvu ya kumtukana.

Umeniambia nisimwonee. Kama una la kunisaidia, nisaidie.

Nathan


Mkoka
22 Aprili 2025

Mume mwenzangu,

Haraka haraka, Anthony ameshawasha gari. Nakutumia kiroba cha unga wa uwele wa mavuno mapya, tumevuna kidogo lakini mtamu. Msile na Habibu kwa kuviziana, pikeni sufuria moja. Kuleni mpaka chini kabisa. Nasisitiza, chini kabisa.

Usimfukuze mtu kabla unga haujaisha.

Sebastiani


(Ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya unga)

Mkoka
22 Aprili 2025

Nathan,

Leo sikutanii, kwa hiyo mwandiko utauona umenyooka.

Ni mimi.

Ile Jumanne ulipoenda kazini nililala mpaka nikachoka kulala. Jicho moja lilikuwa wazi, na jicho hilo liliona kompyuta. Nilikuwa nimekutazama jioni zote zile, nikajua pa kubonyeza. Nikavaa hizo hedifoni zako. Nikaanguka mara nyingi, nikafufuka mara nyingi, nikaona ni raha kuliko ya huku.

Habibu akaingia. Akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Babu, tumia jina lako, subiri nikufungulie akaunti." Nikamwambia, "Mimi ni babu yake, jina lake si langu? Nani alimpa?" Akaniwekea chai, akaenda kufua.

Basi mchezo ukanichanganya na wageni, na kati yao mkawa na mwanamke, anaitwa Tumsifu. Nikasikia Kiswahili chake, nikamuuliza, "Wewe si Mhehe wewe?" Akasema ndiyo, wa Iringa. Mtani wangu! Miaka mingapi sijakutana na mtani? Wa huku wote wamezikwa. Nikamwambia, "Mla mbwa mkubwa, leo nakuua na kukuzika mwenyewe, na kwenye matanga yako nitakaa mbele nile nyama." Naye akanijibu, "Mgogo ombaomba, utakufa wewe kwanza, na bakuli lako nitalirithi." Tukacheka, Nathan. Tukazikana asubuhi nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na tano.

Sikujua kuna mashine inayosikiliza. Mashine haina watani.

Habibu alijua tangu mwanzo. Hakunitaja kwa sababu mimi ni mzee na yeye amelelewa. Nami niliiona barua yako ya Machi, nikajua analipia mdomo wangu, nikakuandikia habari za karanga. Nilitaka nikuchekeshe kwanza, ndipo nikwambie ya mzee na bendeji yake. Halafu kila siku ilipopita ikawa ngumu zaidi, na mimi si mtu wa kuomba msamaha, mwulize bibi yako.

Ameniona naifukia karatasi hii kwenye unga. Amesema, "Sebastiani, unga hausomi." Nimemwambia mle kwanza, mshibe, ndipo mnichukie. Wawili mtafika chini kabla mwezi haujaisha.

Babu yako


Chang'ombe
9 Mei 2025

Shikamoo babu na bibi.

Asanteni kwa unga. Mzuri.

Habibu ameondoka tarehe 30. Amerudi kwao Kondoa. Alichukua godoro na vifaa vyake vya kazi, birika ameacha. Sikumuuliza kwa nini. Chumba kimekuwa kikubwa.

Kazi inaendelea. Tumemaliza Nala, sasa tuko upande wa Chigongwe.

Nathan


Mkoka
20 Mei 2025

Mume mwenzangu,

Barua yako imefika na nimeigeuza nyuma kutafuta maneno mengine. Hayapo.

Bibi yako mzima. Mimi natembea, nakaa, natembea. Ng'ombe mmoja ameharibu mimba. Baridi imeingia, mifupa inasema.

Ukitaka kunitukana, nitukane. Nimetukanwa na watu wakubwa kuliko wewe. Lakini kimya hiki, Nathan, kinaniumiza kuliko kisu cha daktari wa jicho, maana yule alinichoma ganzi kwanza. Uliponiandikia "Mzuri" nilisema, ndiyo, amefika chini, ameamua kuniadhibu kwa adabu.

Kama hujafika chini, basi Mungu anisamehe, sijui mtu mmoja anakulaje unga.

Sebastiani


Chang'ombe
11 Juni 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako ya Mei nilidhani umeanza kuchanganyikiwa, mpaka nikasoma ule mstari wa mwisho. Nikamimina kiroba chote kwenye beseni. Ilikuwa tarehe 28 Mei.

Unataka kujua mtu mmoja anakulaje unga? Anapika kidogo, jioni kwa jioni, na siku nyingine anakula mkate. Tangu nilipomwambia Habibu ahame, kila mtu alikuwa anapika chake; tungekula wawili tungefika chini ndani ya wiki. Ungefika ukweli wako Habibu akiwa bado anafunga godoro. Babu, umenipa barua ambayo mtu pekee angenisaidia kuifikia ni yule niliyekuwa namfukuza.

Nilikasirika siku tatu. Halafu ya nne nilikuwa nimesimama na fimbo juani nikakuona na bendeji, umevaa hedifoni, unamzika Mhehe. Nikacheka peke yangu mpaka mhandisi akasema mstari wake umetikisika. Nimekukasirikia bado. Lakini nimecheka.

Tumsifu nilimpata kwenye ukurasa wa wachezaji. Ni muuguzi. Aliposikia akaunti imefungwa kwa sababu yake, aliwaandikia kampuni barua ndefu kueleza utani ni nini. Aliambatanisha maneno ya mjomba wake, mzee wa ukoo. Mtu halisi akaisoma. Akaunti imefunguliwa tarehe 8, siku mbili kabla ya nyongeza.

Nyongeza inaitwa Mlango wa Mwisho. Watu wanaandika ndiyo bora kuliko zote. Anga limechorwa vizuri mpaka unasahau kupiga risasi. Mimi nimeandika maoni yangu nikayafuta. Nimecheza siku moja nikafika penye mlango unaohitaji watu wawili waliozoeana, mmoja kushoto, mmoja kulia, wabonyeze kwa pumzi moja. Mimi husimama kulia. Kushoto alikuwa anasimama Habibu. Nimejaribu na watu wa kikosi, na wageni, na Tumsifu. Tunapishana kwa nusu sekunde, kila mara.

Akaunti imerudi. Nimempigia Habibu mara tisa, hapokei. Nimemwandikia, anasoma, hajibu.

Nimechoka, babu. Sasa wewe uliyefunga, fungua.

Nathan


Kondoa mjini
27 Juni 2025

Mume mwenzangu Nathan,

Marahaba zako zote za nyuma nazilipa hapa kwa mkupuo.

Usishtuke kuona jina la mji. Nilipanda gari Kongwa, nikashuka Dodoma, nikapanda la Kondoa. Chang'ombe niliiacha upande kama mwizi anavyoiacha nyumba aliyoibia. Sikutaka kukuona kabla sijalimaliza. Mke wetu alinifungia viazi vya kuchemsha, akanipa na jogoo, akasema usirudi na huyu jogoo.

Nilimkuta Habibu kwenye kibanda karibu na stendi, ana simu ya mtu imefunguliwa tumbo. Aliponiona aliweka bisibisi chini.

"Shikamoo babu. Jicho?"

"Marahaba. Jicho zima, mdomo ndio mgonjwa. Habibu, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mzee wa watu, jicho limefungwa, kamtisha mtu kwa kumuua kwenye kompyuta?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na unajua hiyo kwangu ni kazi. Nikavua kofia, nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: nilikukosea, ulifukuzwa kwa ajili yangu, nilijua na nikanyamaza. Sijawahi kusema maneno hayo kwa mtu aliye hai. Mtu wa kibanda cha pili alizima redio ili asikie vizuri.

Akasema, "Babu, wewe sikukukasirikia. Nilijua utasema, ila taratibu. Nathan ndiye. Miaka mitatu tunakula sahani moja, na siku ile hakuniuliza. Aliniambia."

Nathan, kwa hilo sina cha kukutetea, nami nimekutetea kwa mengi.

Amenipeleka kwao, mama yake amenipa kitanda. Jogoo wamempokea, yuko uani anagombana na wenyeji wake. Jana Habibu alikuwa anatengeneza simu, mimi nashika tochi, akauliza bila kuniangalia:

"Ile nyongeza mpya ikoje?"

"Anasema anga ni zuri. Ila amekwama kwenye mlango wa watu wawili."

"Anabonyeza mapema," akasema. "Siku zote anabonyeza mapema." Akakaza skrubu moja, ya pili, ya tatu. "Na mchezo wenyewe umekufa, maoni yangu hayajabadilika."

Nikamuuliza, basi nimwandikie nini mjukuu wangu? Nikamwambia una maneno mengi ya kuomba, utayaandika vizuri, umesoma.

"Asiandike," akasema. "Na asinipigie. Mwambie aje na birika langu."

Akaifunga simu ile, akafungua nyingine.

Basi la Kondoa linaondoka pale stendi kuu asubuhi saa kumi na mbili. Mimi nipo hapa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Nimewaambia ni jicho linataka kupumzika, mama yake amejifanya ameamini. Lisugue hilo birika mpaka chini. Nakujua, utakuwa umeliacha na masizi.

Na ukifika, usianze wewe kusema. Mwache avute pumzi kwanza.

Babu yako,
Sebastiani Ndahani